Salamu ya Pili

Yalimkuta rafiki yangu Seonaid, akiwahi kivuko cha mwisho kwenda kisiwani kumzika mama yake. Kwenye magofu ya ngome ya bwana aliyewafukuza mababu zake mashambani, alishuka garini, akaacha mlango wazi, akatema mate langoni. "Oza humo, mnyang'anyi we!"

Ukungu ukafunika bonde. Barabara ile hutosha gari moja tu. Anayepishwa huinua mkono kushukuru. Dereva wa kwanza alimpungia Seonaid, kisha akakipungia kiti cha nyuma. Wa pili vilevile. Wa tatu, jirani yao mzee Torcuil, alishusha kioo.

"Pole na msiba, mwanangu. Na huyo babu wa nyuma, mbona kaninunia?"

Seonaid alikuwa peke yake.

Kivuko kikapiga honi. Nyuma yake, mkanda wa kiti ukafungwa: kt.