Godoro la Mama Mkwe

Makofi hayakurudi. Kavindu alipiga tena, pa!, katikati ya kile chumba cha redio pale Tawa, na mlio ukaingia ukutani ukakaa huko.

"Umeona?" Musyimi akajigamba, fundi anayependa sifa kuliko ugali. "Jana ulikuwa unatangazia watu vifo kama uko ndani ya tangi."

Alikuwa amegonga trei za mayai ukuta mzima. Trei ni pambo tu, hazizuii kitu. Kilichoua mwangwi ni godoro nene alilosimamisha nyuma ya kiti, na Kavindu ndiye aliyelileta, kwa sababu wasikilizaji walilalamika kwamba maneno yake yanagongana, na bosi akasema atatafuta sauti nyingine.

Lilikuwa godoro la mama mkwe wake, aliyezikwa siku nne tu zilizopita. Wazee walikuwa hawajanyunyiza ng'ondu, ile dawa ya kutakasa vitu vya marehemu. Kavindu alijua. Kazi ni kazi. Miaka mitatu ajuza alilalia godoro hilo ulimi umepooza, macho yakifuata kila anayeongea.

Siku hiyo watu wakapiga simu mpaka kutoka Matiliku: kila neno limetoka safi! Ila kila alipomaliza jina la marehemu, kitu kilivuta pumzi nyuma ya shingo yake, na harufu ya mkojo mkavu ikapanda.

Jumanne koo lilikwaruza. Alhamisi muuza nyanya alimwambia, "Mama, ongea, mbona unaninong'onezea?" Ndani ya chumba alisikika vizuri, na kadiri alivyosikika huko ndivyo alivyoishiwa huku nje, hadi hata kuku hawakugeuka akiwaita, hadi ikabidi amvute Musyimi shati ndipo asikie akisema, "Litoe."

Wakalichoma. Mganga akanyunyiza ng'ondu kwenye majivu na ukutani. Mwangwi ukarudi chumbani. Sauti ya Kavindu haikurudi.

Asubuhi iliyofuata hakwenda kazini. Alikaa jikoni akichambua ndengu, mumewe Kisilu akinywa chai, redio ikiwa mezani.

"Kwa masikitiko tunatangaza kifo..." Ilikuwa sauti ya Kavindu, safi.

Kisilu akamtazama mkewe. Akatazama redio.

Sauti ikaacha tangazo. "Kisilu, mwanangu," ikasema taratibu, "umekula?"

Kisilu akaweka kikombe mezani.

"Bado, mwaitu," akamjibu mama yake.

Kavindu akafungua mdomo. Akaufunga. Akatoa jiwe kwenye ndengu, akaliweka kando.