Mama Eunike na Viza ya Dhahabu

Msijifanye hamkusikia. Sauti ya mama Eunike ilitoka kwenye simu, mbele ya mlango wa kanisa, ikasema "Nirudisheni," nanyi mkatazama viatu vyenu. Nilikuwepo. Namkumbuka kila mmoja na kiatu chake.

Basi nasimulia tangu mwanzo kwenye karatasi hii, asitokee wa kusema hakujua.

Mnakijua kihamba cha Eunike, shamba lake la urithi pale Mwika, chini ya barabara. Alfajiri ukungu hushuka kutoka msituni ukailalia migomba kama maziwa yanayotaka kuganda. Mtu akipita humwoni, unasikia tu majani yakigusana. Mfongo, mfereji uliochimbwa na babu zetu, hupita nyuma ya zizi, maji yakizungumza peke yake. Eunike alikuwa akitoka na mundu, kanga kiunoni, anamkatia ng'ombe majani huku akimsimulia ndoto alizoota. Mjane, mzee, goti linauma, lakini hakuwa mtu wa kuhurumiwa.

Kilichomvuruga kilikuja na jina la habari njema.

Mwanawe wa mwisho, Eliufoo, ni mtaalamu wa kompyuta katika jiji moja la Uarabuni. Wakubwa wa huko huwapa matajiri na wataalamu wa kigeni ukaazi wa muda mrefu, wenyewe wanauita viza ya dhahabu. Eliufoo akaipata, ya miaka kumi, na ikamruhusu kuchukua hata mzazi. Akaja na gari la kukodi kutoka Moshi mjini, akasimama uani na miwani yake.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Unanipeleka hospitali? Goti limeshapoa."

"Nakupeleka kwangu. Mila inasema kitindamimba akae na mama yake. Haya, nitakaa na wewe."

"Mila inasema ukae na mimi hapa, Eliufoo. Hapa lilipo kaburi la baba yako."

"Mama, watu wanaililia viza hii, wewe unalilia migomba?"

Eunike akatazama zizi. Kisha akauliza, "Na ng'ombe?"

"Nimeshamuuza."

Mmeona hapo? Aliuza kwanza, akamwambia baadaye. Na sisi tukakodi Kosta, tukamsindikiza mama wa watu hadi uwanja wa ndege kwa vigelegele. Eunike alilia mpaka kanga ikalowa. Hosea, mzee wetu wa kanisa, akatutuliza: "Hayo ni machozi ya furaha. Kupanda ndege bure, hata mimi ningelia!" Tukacheka.

Kahawa ilipoanguka bei tuling'oa miche, tukasema watoto ndio zao letu la kuuza nje. Nalikumbuka neno hilo na nawakumbuka waliolisema. Siku ile tukaanza kusafirisha na mama zao.

Huko walimweka kwenye ghorofa la vioo, juu sana, dirisha halifunguki, magari chini yanateleza kimya kama samaki. Wajukuu wanazungumza Kiingereza. Kila Jumapili alimpigia jirani yake, Yuditha.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko jikoni, mama, napika kiburu."

"Ndizi ziache. Nipeleke mfongoni."

Yuditha alishuka hadi nyuma ya zizi tupu, akainama, akaiweka simu karibu na maji. Akijaribu kusema neno, Eunike humkatiza: "Nyamaza kidogo. Niko nyumbani." Na kule mbali bibi alifumba macho, ukungu ukaingia ndani ya vioo, migomba ikaota juu ya zulia, akatembea katikati yake bila goti kuuma. Yuditha alisimama hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Aliomba asikike na wote, Yuditha akafungua spika baada ya ibada.

"Ndugu zangu, nirudisheni. Mwambieni Eliufoo. Mimi hanisikii, ninyi atawasikia."

Tukatazama viatu vyetu. Halafu Hosea akasogeza mdomo kwenye simu: "Mama yetu, tunakusalimu sana. Sasa, huko kwa Eliufoo hakuna nafasi ya udereva? Kijana wangu ana leseni."

"Na binti yangu kasomea uuguzi!"

"Yelewi! Na mimi mnichukue, nitawapikia mtori Waarabu!"

Simu ikakatika.

Siku chache baadaye, asubuhi, Eunike akatoka na kisu cha jikoni. Barabara za jiji lile zina bustani katikati, majani mabichi yananyweshwa kwa mabomba. Walinzi walimkuta amepiga magoti humo, amekata mzigo mzima, ameufunga kwa kanga, anatafuta wa kumtwisha. "Ng'ombe hajala," aliwaambia kwa Kichagga. Walinzi wale wasiomjua walimshika mkono, wakamrudisha taratibu. Aliyeona aibu ni mwanawe. Akampigia Yuditha akifoka:

"Ananidhalilisha! Matajiri wanaitafuta viza kama yake, yeye anakata majani barabarani!"

"Kaka, mrudishe."

"Nimrudishe watu waseme nimeshindwa kumtunza mama?"

Watu! Watu gani? Ni mimi na wewe. Anatuogopa sisi, na sisi hatujamwambia kitu.

Sasa mlango wao unafungwa kwa namba asizozijua. Juzi hakumtambua hata Yuditha. "Wewe ni nani?" akauliza. Yuditha akashuka na simu hadi kwenye maji. Eunike akasikiliza, akasikiliza, kisha akasema polepole: "Mvua imenyesha huko juu. Mshikeni Eliufoo asivuke, bado mdogo."

Na kweli, mvua ilikuwa imenyesha.

FUNZO

Kumtunza mzazi si kumpeleka mahali ambapo wewe utasifiwa. Viza humpa mtu ruhusa ya kukaa, haimpi nyumbani. Na ninyi majirani, aliyenyoosha mkono kuomba hawezi kuunyoosha huo huo kukemea. Tulimwuza Eunike kwa matumaini ya kazi ambazo hatukupewa.

Eliufoo anakuja Krismasi, peke yake. Ameshaagiza dume la kuchinja, na wote tumealikwa. Usiende. Kwetu jirani akikataa fungu lake la nyama, hukumu imetoka, na Eliufoo ni mtoto wa huku, ataelewa. Lakini usiingoje Krismasi, Eunike hana muda huo. Namba ya Eliufoo anayo Yuditha. Ichukue, piga leo, umwambie amlete mama yake. Usimsifu, usimwombe kazi. Akikujibu kwamba viza bado ina miaka, mwulize mama naye amebakiwa na mingapi. Piga sasa hivi, kabla hujaikunja karatasi hii.