Abee ya Chumbani

"Almasi! Niletee uzi mweusi!" fundi cherehani aliita bila kuinua macho kwenye pindo.

"Abee, baba!" sauti ikaitika chumbani.

Mara binti yake akaingia kutoka mtaani, jasho likimtoka, vifungo alivyotumwa na baba, aliyekwisha kusahau, vikiwa mkononi. Fundi akaenda kuchungulia chumbani. Hapakuwa na mtu. Simu ya binti ililala kitandani, na palinuka nguo iliyoungua, ilhali pasi ilikuwa baridi.

Jina lile halikuwa la nyumbani. Nyumbani aliitwa Kitinda, kitindamimba wa marehemu mama yake, aliyemwachia jina hilo na kidoa cheusi chini ya jicho. Almasi alikuwa wa mtandaoni: pua nyembamba, ngozi nyororo, kidoa kimefutwa na simu. Huyo ndiye maelfu waliyempenda.

"Kitinda ni jina la kitoto, baba. Niite Almasi," binti alikuwa akimsihi kila siku.

"Basi na mimi niite Tajiri."

Binti hakucheka. Alinuna siku nzima, naye baba, mjane asiye na wa kumsemesha ila huyo, asubuhi ile ya uzi mweusi akaona jina si kitu. Akaliita.

Tangu hapo gauni alilomshonea kwa vipimo vyake mwenyewe likampwaya. Kidoa kikaanza kufifia, na kila alasiri, cherehani iliponyamaza, fundi alisikia chumbani sauti mbili za binti mmoja, moja ikiuliza mama alikuwa akicheka vipi, alimwimbia nini, alimshika wapi akiwa na homa, na nyingine ikijibu yote, kila siku kwa udhaifu zaidi, huku harufu ya kuungua ikipenya chini ya mlango hadi kwenye vitambaa vya wateja.

Akamwita dada yake, mpunga pepo.

"Kaka, umefanya nini?" shangazi alinong'ona. "Jini halina jina. Mtoto akijipa jina, anacheza. Mzazi akiliita, amezaa."

"Nilitaka anisemeshe tu."

"Lipo wapi?"

Fundi akaonyesha simu. Binti, ambaye zamani hakumruhusu mtu hata kuigusa, aliitoa kwa mikono miwili.

"Chukueni," akasema kwa upole.

Shangazi akasoma maneno yake, akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakapanda. Harufu ikakatika papo hapo.

"Limekwisha," shangazi akashusha pumzi.

Machozi yakamlenga fundi. Akaita kwa jina aliloacha mkewe.

"Kitinda."

Binti alikuwa mbele ya kioo, akijitazama.

"Kitinda, mwanangu."

Akageuka taratibu. Uso ulikuwa laini, bila kidoa.

"Kitinda ni nani, baba?"

Na chini kabisa ya ndoo, kati ya mapovu yaliyokuwa yakipungua, sauti ndogo ikaitika:

"Abee, baba. Abee."