Barua kwa Meneja Asiyejulikana

Jumatatu alfajiri, mtunza stoo wa kiwanda cha nguo alikutwa amekufa ndani ya stoo, kapigwa nondo ya kichwa, na mlango umefungwa kwa nje. Ufunguo wa mama mfagiaji ulikuwa bado kwenye kitasa. Juu ya meza ya meneja palikuwa na barua iliyopigwa chapa, isiyo na sahihi, ikidai mfagiaji ndiye muuaji. Ilianza hivi: "Mheshimiwa Mama Meneja." Inspekta aliisoma peke yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

Meneja mwenyewe hakuwa amefika. Tangazo la ukutani lilisema anakuja mpya wiki hiyo, basi. Jina hakuna, wala kama ni mwanamume au mwanamke.

Mfagiaji alikaa sakafuni na pingu zake, mtoto mgongoni analia. Gari la mahabusu lilikuwa linamngoja getini. Alisema funguo zake huzitundika jikoni kila jioni, ye yote huweza kuzichukua.

Inspekta, mama mpole wa maneno, akaanza na dereva aliyegombana na marehemu juzi. Dereva akasema alilala kwa mama mkwe wake. "Na yule bibi, afande, hata nikikohoa anauliza kwa nini." Mama mkwe akathibitisha kwa simu, na masimango juu yake.

Ndipo Inspekta akawaambia anataka kumwandikia meneja na hajui aanzeje. Dereva akasema aandike Bwana au Bibi, yaishe. Mfagiaji akasema yeye hajui kuandika, angemwita bosi tu. Karani wa kiwanda, aliyekuwa kwenye meza yake, akatabasamu.

"Anza na Mheshimiwa Mama Meneja, afande. Ndiyo heshima."

Inspekta akaitoa ile barua mfukoni.

"Nani kakwambia ni mama?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Makao makuu ya kampuni wameniambia jina lake liliandikwa kwenye barua moja tu, aliyokabidhiwa marehemu jana jioni. Mfukoni mwake haimo."

Karani akakaa. Akaeleza polepole: kwa miaka alikuwa akitoa marobota ya vitambaa mlango wa nyuma. Barua ilimwagiza mtunza stoo amkagulie huyo mama meneja kila robota. Marehemu alimwonyesha kwa kumwamini, akamwambia kesho atamweleza meneja juu ya marobota yanayopotea. Usiku karani akachukua ufunguo jikoni, akampiga nondo, akaiondoa barua.

Inspekta akamfungua mfagiaji pingu, akamfunga karani.

"Ungeandika Bwana au Bibi, alivyosema dereva, ningempeleka mama huyu na mwanawe."

"Najua," karani akasema, macho chini. "Lakini mtu namjua ni mama, afande, nimwandikie Bwana au Bibi? Si ningemkosea adabu."