Tunu Anapeleka Marashi Kilimani

Haya, kaeni. Kunjeni miguu. Wewe ambaye miguu yako haikunjiki, njoo hapa mbele. Hadithi hii ni yako.

Palikuwa na mtoto, jina lake Tunu. Miguu yake ilikuwa haijui kukaa.

Akila, miguu inacheza. Akisukwa nywele, miguu inacheza. Hata akilala, miguu inapiga shuka. Pu! Pu! Pu!

Mtaa mzima ulimjua. Na mtaa mzima ulimwambia:
"Tunu, tulia!"

Tunu aliishi na Bibi, chini mjini, jirani na bahari. Juu ya mji palikuwa na kilima. Na juu ya kilima palikuwa na kuba jeupe.

Ndani ya kuba lile alizikwa sharifu wa zamani, mtu mwema sana. Kila mwaka watu walipanda kumwombea dua. Bibi alipanda na marashi yake. Hakukosa hata mwaka mmoja.

Mwaka huu Bibi alisimama. Akakaa tena.
"Aa! Magoti yangu yamegoma," akasema. Machozi yakamlengalenga. "Na marashi yangu nani atanipelekea?"

"Mimi!" Tunu akaruka. "Nipe mimi, Bibi! Mimi!"

"Huyu?" akasema Mjomba Shomari. "Mama, huyu hatulii! Atayamwaga yote kabla hatujafika kwenye kona."

Bibi akamtazama Tunu. Akamtazama tena.
Kisha akampa mrashi, kichupa chenye shingo ndefu na vitundu juu.

Akamfunga na kanga yake ya njano kiunoni.
"Mimi nitakaa barazani, niangalie kilima. Magoti yamegoma, macho hayajagoma. Ukishanyunyiza, nipungie kanga. Nikikuona, moyo wangu utatulia."

Haooo, wakaenda! Mjomba mbele, Tunu nyuma.
Chapa, chapa, chapa.

Miguu ya Tunu ikaona kilima. Ikafurahi. Ikaruka!
Tif! Tone la marashi likadondoka vumbini.

"Tunu, tulia!"

Tunu akashtuka. Lo! Marashi ya Bibi!
Akaziba vitundu kwa kidole gumba. Akakaza.

"Mjomba, tumefika?"
"Karibu."

Chapa, chapa, chapa.
Wakapita kwenye mikorosho. Mjomba akahema. Hhh! Hhh!

Sisimizi akapanda kwenye mguu wa Tunu. Akatembea, akatembea, mpaka kwenye goti. Ooo, miguu ikataka kuruka!

"Nyie miguu, tulieni!" Tunu akaiambia. "Haya ni ya Bibi!"
Miguu ikanung'unika. Lakini kidole hakikutoka.

"Mjomba, tumefika?"
"Karibu."

Chapa, chapa, chapa.
Mbuzi akanusa marashi. Meee! Akamfuata Tunu.

"Nenda zako," akasema Tunu. "Si yako."
Meee! Mbuzi hakusikia. Mbuzi husikia lini?

Njia ikapinda kushoto. Ikapinda kulia. Jua likawaka. Kidole kikauma.

"Mjomba, tumefika?"
"Karibu!"
"Lakini ulisema karibu kule kwenye mikorosho!"
"Na sasa ni karibu zaidi. Twende!"

Karibu, karibu, karibu! Karibu gani hii isiyokwisha? Tunu alitaka kulia. Alitaka kukimbia. Alitaka kuruka. Akabana kidole, akapanda.

Mara, ukuta mweupe! Mlango mdogo wa mbao! Mbuzi akasimama. Mjomba naye akasimama, akafuta jasho.

"Piga hodi, Tunu."

Tunu akavuta pumzi.
"Hodi!"

Kimya.
"Hodi! Hodi!"

Sauti ikatoka ndani:
"Karibuuu!"

Midomo ya Tunu ikatetemeka.
"Karibu?" akasema. "Karibu TENA?"

Akafuta chozi kwa bega, maana mikono ilikuwa na kazi. Akaupita mlango. Akazunguka ukuta. Akaendelea na safari!
Chapa, chapa, chapa, chapa!

"We Tunu! Unakwenda wapi?"
"Wamesema karibu! Hatujafika!"

Mjomba akamkimbilia. Hhh! Hhh! Akamdaka kwa kanga.
Nyuma ya ukuta palikuwa na uwanja mpana wa mawe. Basi. Kilima kiliishia pale.

Tunu akatazama chini. Akaona bahari. Akaona mji. Akaona bati jekundu la nyumba ya Bibi, dogo, dogooo.
"Mjomba, kilima kimekwisha. Hiyo karibu iko wapi?"

Mjomba akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mlango ukafunguka. Akatoka Bi Mosi na ufagio wake. Yeye ndiye mtunza mahali pale.
"Mbona mgeni wangu namkaribisha, anakimbia?" akauliza. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Shikamoo, Bi," akasema Tunu. "Umesema karibu. Na karibu maana yake bado."

"Marahaba. Nani kakwambia maana yake bado?"

Tunu akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama mbuzi.

Bi Mosi akachuchumaa mbele ya Tunu.
"Sikiliza, mjukuu wangu. Karibu ya njiani maana yake bado. Karibu ya mlangoni maana yake ingia. Umefika."

Umefika! Lo, neno tamu hilo!

Tunu akavua ndara zake. Akaingia polepole. Ndani watu walikuwa wengi, wamevaa kanzu nyeupe na kanga nzuri. Wakasoma dua. Tunu naye akainua kiganja kimoja. Kile kingine kilishika mrashi.

Kisha Bi Mosi akamwita.
"Haya, nyunyiza."

Tunu akatoa kidole. Kilikuwa kimekunjamana chote.
Akatikisa mrashi. Kimya.
Jamani, yamekwisha?

Akatikisa tena.
Tif! Tif! Tif!
Harufu ya waridi ikajaa.

"Haya ni ya Bibi yangu," Tunu akanong'ona. "Magoti yake yamegoma. Yeye hajagoma."

Dua ikaisha. Watu wakatoka, wakasimama kule kwenye uwanja wa mawe, wanautazama mji. Walijaa uwanja mzima.

"Mh!" akasema Mjomba. "Watu wote hawa! Mama atakujuaje, nawe mdogo hivi?"

Roho ya Tunu ikaruka. Bibi yuko barazani. Bibi anangoja. Asiponiona, je?

Akafungua kanga ya njano. Akatazama miguu yake.
"Haya, nyie miguu," akasema. "SASA!"

Ruka! Ruka! Ruka!
Kanga juu! Kanga chini! Kanga juu!

Mjomba akafungua mdomo. "Tunu, tu..."
Akaufunga. Akamshika Tunu mkono.
"Ruka, Tunu!" akasema. "Ruka juu zaidi!"

Wakateremka. Chapa, chapa, chapa.
"Mjomba, Bibi ameniona?"
"Sijui, mwanangu."

Wakapita pale walipokutana na mbuzi. Wakapita kwenye mikorosho.
"Mjomba, ameniona?"
"Sijui. Tutamuuliza."

Jua likashuka. Nyumba ya Bibi ile pale! Lakini barazani hapakuwa na mtu.

"Hodi!"

"Karibu!" Bibi akaitikia kutoka ndani.

Hiyo ndiyo karibu ya mlangoni! Tunu akaingia mbio, akamrukia Bibi. Puu!

"Bibi, umeniona?"

Bibi akamfuta vumbi usoni.
"Niliona watu wengi. Wamesimama, wametulia. Nikasema, mbona simwoni wangu? Halafu nikaona kitu cha njano. Kinaruka! Kinaruka! Hakitulii hata kidogo!"

"Ukasema nini?"

"Nikasema, yule pale! Yule ndiye wangu. Na moyo wangu ukatulia."

Usiku, Tunu alilala na Bibi kitanda kimoja. Kidole chake kilinukia marashi. Miguu ikapiga shuka. Pu. Pu.

Bibi hakusema tulia. Aliifunika tu kwa kanga ya njano.

"Bibi, usingizi umefika?"
"Karibu," Bibi akanong'ona.

Tunu akafikiri.
"Karibu ya njiani, au karibu ya..."

Pu.

Hakumaliza. Usingizi uliingia bila hodi.