Pumzi Kwenye Simu

Lifti ilikwama saa ya chakula cha mchana, wakati jengo zima lina njaa na kila mtu ana haraka. Ndani walibanana wasichana wa benki waliojimwagia marashi, wakili mmoja mnene aliyekuwa akitoka jasho mpaka kwenye tai, na mwanamke mwenye gauni la kijani ambaye ofisini kwao wanamwita Sikio. Kispika kidogo juu ya vitufe kikakwaruza. Mtu akapuliza mara mbili, fuu, fuu, halafu akasema:

"Jamani mlio ndani, poleni sana. Tulieni, nawatoa sasa hivi. Msibonyeze kitu."

Wenzake wakashusha pumzi. Sikio akapiga ukelele mpaka wakili akaangusha mkoba. Sauti ile aliijua vizuri mno, na mwenye nayo alishazikwa.

Nisiwazungushe. Sikio alikuwa mpelelezi wa serikali, kwenye ile mamlaka inayowasaka wanaocheza rafu kwenye soko la hisa. Sheria inataka simu za madalali wa hisa zirekodiwe, na kazi yake ilikuwa kuzisikiliza kutwa, akimtafuta anayenunua hisa kwa siri aliyoipata ndani ya kampuni kabla umma haujatangaziwa. Kazi ya kukatisha tamaa, nawaambia! Wajanja walishahamia kwenye meseji zinazojifuta zenyewe. Waliobaki kwenye mtego ni wazembe, na mara nyingine wasio na kosa. Katika sauti zote alizowahi kuzisikiliza, moja ilikuwa ikimfuata mpaka jikoni kwake. Ilikuwa ya dalali mmoja mpole aliyekiri, akafungiwa leseni, na moyo wake ukasimama kabla kesi haijasikilizwa. Sikio ndiye aliyethibitisha kwamba sauti ni yake. Tangu msiba ule alikuwa hawezi kuosha vyombo bila kuwasha redio.

Milango ikasukumwa kwa mikono. Akatokea fundi mrefu, ovaroli ya bluu imepauka magotini, mkanda wa vifaa unacheza kiunoni.

"Wewe ndiye uliyepiga kelele, dada?"

"Nani kakwambia?"

"Macho yako. Unanitazama kana kwamba nimefufuka."

"Ni hiyo sauti yako," akajibu.

"Ah, sauti! Hii si yangu peke yangu. Kaka yangu alikuwa nayo hii hii, hata mama alikuwa akituchanganya kwenye simu." Tabasamu likapungua. "Yeye ametangulia. Nimebaki naitumia mwenyewe."

Pale pale ndipo alipotakiwa kusema ukweli. Hakusema. Alisema anafanya kazi ofisi moja ya serikali, akataja namba yake ya simu, huku akijua kabisa kwamba anafanya ujinga.

Ujinga wenyewe ulikuwa mtamu, acha tu. Fundi alimpigia asubuhi akiwa juu ya paa, alimpigia mchana akiwa chini shimoni, na kila simu ilianza kwa zile pumzi mbili.

"Fuu, fuu. Malkia wangu umekula?"

"Nimekula. Hivi kwa nini unanipuliza masikioni kila siku?"

"Mazoea ya kazi, mpenzi. Kispika cha lifti usipokipuliza hujui kama kinafanya kazi. Sasa hata nikimpigia mama napuliza kwanza. Anasema nitamtoboa sikio."

Sikio alicheka mpaka machozi. Alipokuwa na huyu mtu hofu ilimtoka, ikarudi simu ilipokatwa. Kuna mara alifumba macho akasikiliza tu, na hakujua anampenda aliye hai au anamwomba radhi aliyekufa. Ilimtesa sana hiyo.

"Na kaka yako naye alikuwa anapuliza?" akauliza, kwa utani tu.

"Yule? Thubutu! Yule mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Yeye ilikuwa 'habari za leo, mheshimiwa'. Mpenzi? Mbona kimya? Halo?"

Sikio alikuwa ameshakata simu. Katika rekodi ile iliyobeba kesi nzima ya dalali, kabla ya neno lolote, kuna mtu alipuliza mara mbili.

Kesho yake akaisikiliza tena, mlango umefungwa. Mzee mmoja, mwenyekiti wa bodi ya kampuni kubwa, anasema kampuni yake inanunuliwa, tangazo ni wiki ijayo, nunua hisa zote unazoweza kwa jina la mke wangu. Na ile sauti inajibu, sawa mheshimiwa. Mchana ule hakupokea simu ya fundi. Jioni hakupokea. Alifikiria kukaa kimya maisha yake yote, aolewe, azae, anyamaze. Mapenzi yalimwambia nyamaza. Lakini kuna mtu alikuwa amelala kaburini kwa jina la mwizi, na jina hilo lilikuwa na mhuri wa Sikio.

Alimkuta fundi kwenye chumba cha mashine za lifti, juu ya paa, anakula mkate kwa chai ya chupa. Kamba nene za chuma zilikuwa zikipanda na kushuka nyuma yake.

"Hee, leo kumekucha! Nilidhani umepata mwanamume mwingine."

"Keti kwanza. Uliwahi kupokea simu ya kaka yako ofisini?"

Akacheka. "Mara moja. Alienda msalani, simu ikalia, nikaona nimtanie, nikajifanya yeye. Mzee mmoja anajisikia huyo! Aliporudi nikamwambia mteja wako anataka ununue hisa kwa jina la mkewe. Basi."

"Hukumwambia habari ya kampuni kununuliwa?"

"Hayo sikuyaelewa, nikaona ni maneno ya wakubwa tu. Kwani we..." Mkate ukabaki hewani. "We umejuaje?"

Akamwambia yote. Ofisi anayofanya kazi, sauti aliyoithibitisha, na ile siku alipomsikilizisha dalali rekodi. "Aliniomba niirudishe mwanzo, pale penye pumzi. Akasikiliza tena, halafu akasema, ni mimi."

Lifti ikashuka, kamba zikalia. Fundi alikuwa amekaa juu ya boksi la vifaa, mikono imeziba masikio.

"Nilimwita mwizi," akasema. "Mbele ya mama. Nikamwambia ametuaibisha, nisimwone tena. Akacheka tu. Kumbe alikuwa ananificha mimi."

"Mpenzi..."

"Usiniguse. Niambie kitu kimoja. Ulinipenda mimi, au ulikuwa unaisaka sauti?"

"Nilianza kwa kuogopa. Baadaye nikakupenda. Nakupenda."

"Toka."

Akatoka kwa ngazi. Lifti hakuthubutu kuipanda.

Siku hiyo hiyo akaingia kwa bosi wake, mama mkali wa miwani ya mnyororo, akaeleza bila kupunguza: utambuzi wa sauti niliukosea, marehemu hana hatia, na aliyepokea simu ni mtu ninayempenda.

"Wee mwanamke, unajua kwamba unajimaliza?" bosi akasema. "Yule mwenyekiti amekana sauti. Mawakili wake wameahirisha kesi mpaka ikalala, kwa sababu aliyezungumza naye kafa. Leo unaniambia yuko hai? Mwite!"

"Kumwita ni kazi yenu, mama. Mimi naomba nitolewe kwenye faili. Ila natamani aje kwa miguu yake mwenyewe."

Walimhamishia dirisha la leseni, kugonga mihuri. Simu yake ikawa kimya. Usidhani kimya ni kitu chepesi kwa mtu kama yule. Alikuwa akisikia pumzi kwenye bomba la maji na kwenye feni. Alikosa raha, akakonda, na gauni la kijani likampwaya.

Halafu asubuhi moja, foleni ya leseni imejaa, akamwona fundi akipita kwenye korido. Amevaa suruali iliyopigwa pasi na tai ya bluu ambayo bila shaka si yake, maana fundo lake lilikuwa upande. Hakugeuka. Aliingia chumba cha maelezo, akasema mbele ya mashine ya kurekodi kwamba sauti ile ni yake, kwamba kaka yake hakusikia siri yoyote, na kwamba mzee alijitaja jina kabisa. Mamlaka ikamfutia marehemu kosa. Mawakili wa mwenyekiti wakaomba kuahirisha tena, kama kawaida yao, ila safari hii walikuwa wanatoka jasho.

Jumamosi mchana simu ya Sikio ikalia. Hakuna neno. Kisha, taratibu, fuu, fuu.

"Nipo," akasema, na machozi yakamtoka.

"Nimejaribu kuacha kupuliza. Siwezi. Nimejaribu kukuacha wewe pia. Bado nina hasira. Lakini nataka kukuoa, na siwezi kumuoa mtu ambaye mama hajamsikia. Uje."

Mama yake alikuwa amekaa karibu na dirisha, kitenge mabegani, macho yameingia ukungu. Fundi alimketisha mgeni kando yake, akaenda jikoni. Mama akamshika kiganja.

"Wewe ndiye uliyemsikiliza mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama. Na nikamkosea. Nisamehe."

"Kosa hilo nimelifanya miaka yote, kila simu ikilia." Akamkazia mkono. "Niambie kweli. Huyu akiongea, unamsikia nani?"

"Nawasikia wote wawili, mama. Naogopa, lakini nawasikia."

"Basi usimwache, mwanangu. Nimechoka kuwasikia peke yangu."

Kutoka jikoni sauti ikauliza nani anataka sukari. Wanawake wale wawili wakaisikiliza kwanza, wameshikana mikono, kabla ya kujibu.