Jasho la Mtungi

Enzi zile chumvi iliposafiri juu ya migongo ya ngamia na kupokewa mijini kwa ngoma kama bibi harusi, palikuwa na mji ulioitwa Burhaya, katikati ya jangwa la kaskazini. Joto la Burhaya halikuwa la mchezo. Zilipoingia siku za kiangazi ziitwazo Arobaini, kuku walitaga wakiwa wamesimama, na watu wenye heshima zao walitembea wameambaa kuta, wakigombea kivuli na mbuzi.

Waliishi kwa akili. Nyumba zilikuwa na minara ya kunasa upepo, na chini ya kila mnara palisimama mitungi iliyofinyangwa na Bi Mwanamize, mjane aliyezika waume wawili, na wote alikuwa amewaonya. Tena palikuwa na ada: katika Arobaini, mtu akibisha mlango wowote adhuhuri akaomba maji, hanyimwi, na atapewa yale yale anayokunywa mwenye nyumba.

Mwaka huo majeshi ya Amiri Dulaye yaliuzingira mji, yakateka kisima cha nje. Burhaya ikabaki na mabirika yake ya chini ya ardhi. Liwali alikuwa Sadala, mgeni kutoka nchi ya mvua, mvaa joho la hariri. Siku ya kumi na mbili alipita sokoni, akagusa mtungi, mkono ukalowa. Akaagiza mfinyanzi aitwe barazani.

"Mitungi yako inavuja, mama."

"Haivuji, Bwana Liwali. Inatoka jasho."

"Kwani ina homa?"

"Mwenye homa ni yule asiyetoka jasho. Upepo ukilikausha lile jasho, maji ya ndani hupoa. Ukiliziba, utawanywesha askari mchuzi usio na nyama."

Baraza likacheka, na hapo ndipo Bi Mwanamize alipojiponza, maana mkubwa husamehe kupingwa, hasamehi kuchekwa.

"Kila tone linalotoka nje ni tone la askari wangu," alisema Sadala. "Mitungi yote ya mji ipakwe sandarusi, ule utomvu wa kuzibia, mpaka ing'ae. Na wewe, ukionekana na mtungi usiopakwa, utatolewa nje ya lango ukamfinyangie Dulaye."

Ikapakwa. Iling'aa kweli, kama vipara vya makadhi. Maji ndani yake yakawa moto wa kuchemshia yai. Kata moja haikukata kiu, askari wakaongeza ya pili na ya tatu, na mabirika yakashuka upesi kuliko zamani. Juu ya ukuta, ndani ya deraya za chuma, wanaume wakaanza kuanguka bila kuguswa na mshale. Siku ya tano akaanguka Tandika, mpiga upinde wa lango kuu, ndugu pekee wa Bi Mwanamize.

Dada yake alimlaza sakafuni, akamnywesha. Maji yalimtoka kama yalivyoingia. Ngozi ilikuwa kavu, inawaka.

"Dada," alisema, "hata wewe wanipa uji?"

Bi Mwanamize aliweka kata chini. Alijitanda buibui akatoka katikati ya adhuhuri. Njiani alimkuta Jemadari Shekuwe akienda kwa liwali kutoa habari za ukutani.

"Nitakufuata nyuma, mwanangu. Nina kiu."

Mlango wa liwali ulipofunguliwa, pumzi ya baridi iliwapiga usoni. Bi Mwanamize akasimama kizingitini. Baridi ile aliijua kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe.

"Ni Arobaini, Bwana Liwali. Naomba maji."

Mtumishi akachota katika mtungi wa mlangoni, uliong'aa.

"Siyo hayo," alisema kwa upole. "Ayanywayo mwenye nyumba."

"Ndiyo ninywayo," alisema Sadala.

"Basi bwana atangulie, nipate baraka."

Sadala akaitazama kata asiinyooshee mkono. Shekuwe, ambaye asubuhi ile alikuwa amezika watu wanne, akavuta pazia. Chini ya mnara mitungi saba ilikuwa imesimama bila sandarusi, imelowa kama pua za ndama. Akachota, akanywa, akafumba macho.

"Kiongozi sharti awe na kichwa baridi," alisema Sadala.

"Na wale wanaokufa ukutani, bwana, vichwa vyao wamekopeshwa?" aliuliza Bi Mwanamize.

Bi Mwanamize alijitwika mtungi mmoja, akauchukua nyumbani bila ruhusa ya mtu. Tandika alikunywa kata nzima polepole.

"Haya ndiyo maji," alisema. Kabla ya alasiri alikuwa amekwisha kufa.

Alimwosha mwenyewe kwa yale yaliyobaki, akarudi kwa jemadari na macho makavu.

"Sandarusi haitoki kwa maji. Hutolewa kwa moto tu. Nipe kuni."

"Mama, mji huu hauna hata kijiti."

"Hapo kwa liwali pana milango sita ya mninga, imekauka vizuri. Anapenda upepo, atapata."

Shekuwe akaing'oa bila kumwuliza liwali, na tanuri likawaka siku mbili mchana na usiku. Mitungi ilitoka humo imeungua mafuta yake yote, ikajazwa, ikatoka jasho, na watu wakanywa. Moshi mweusi wa sandarusi ukapanda juu ya mji hata Dulaye akaamini kwamba Burhaya inateketea. Siku ya tatu hakungoja jua lipoe: adhuhuri akawatoa watu wake hemani, wakakimbia mchangani na mikuki na deraya. Nusu yao walifika ukutani wakitambaa. Shekuwe akafungua lango, akawatokea na askari waliokunywa wakashiba. Haikuchukua hata muda wa kupika ugali. Dulaye alikimbia pekupeku, nayo hiyo peke yake, kwa mchanga ule, ni adhabu.

Miaka ikapita. Karani mmoja akaja kwa Bi Mwanamize na kitabu cha habari za mji, amsomee.

"'Mwaka huo Liwali Sadala, kwa hekima yake, aliupoza mji, na adui akashindwa. Nao wafinyanzi walisaidia.'"

"Na Tandika?"

"Tandika gani, bibi?"

Bi Mwanamize alikuwa amekaa mbele ya udongo mbichi. Akainama kama anayetaka kuona vizuri.

"Nionyeshe lilipo jina la liwali. Mimi sijui kusoma."

Karani akamwonyesha. Bi Mwanamize akaweka kidole gumba chenye udongo juu yake, akakikandamiza, akakizungusha kidogo kama anayefunga mdomo wa mtungi.

Kitabu kile kilirithiwa na makadhi kwa makadhi. Wasomi wamebishana sana juu ya lile doa, huyu akisema ukungu, yule akisema mchwa.